Bi Milimita na Futi Iliyolegea

Wenye maduka walimwita Bi Milimita, ila si mbele yake. Mbele yake walimwita mama mkaguzi na kukenua meno yote thelathini na mawili, huku mguu mmoja ukisukuma chini ya meza lile jiwe la mizani lililotobolewa tumbo. Kwa miaka thelathini na mmoja mama huyu alikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo. Kazi yake ilikuwa kuingia dukani na sanduku la mawe halali, kuipima mizani ya mwenye duka, kisha ama kuipiga muhuri ama kuifunga kwa waya na kuiandika IMEKATALIWA kwa rangi nyekundu. Hakuwahi kupokea hata soda. Muuza sukari mmoja aliwahi kumlilia machozi ya kweli, akataja mama mgonjwa na watoto mapacha. Bi Milimita alimsubiri amalize, akampa karatasi ya kufutia pua, akaifunga mizani.

Hapo ungependa kumsifu, na ungekuwa na haki. Tatizo ni kwamba jioni alirudi nyumbani na macho yaleyale.

Nyumbani picha za ukutani zilinyooshwa kwa pimamaji la waashi. Mkate ulikatwa vipande vilivyolingana hata mgeni akaona haya kuchukua cha pili, maana pengo lingeonekana. Mumewe, dereva wa malori aliyestaafu, alikuwa kinyume chake kabisa: mtu aliyeamini kwamba hakuna kitu duniani kisichoweza kufungwa kwa waya. Bomba likivuja, waya. Kiti kikivunjika mguu, waya. Mke alipita nyuma yake akifungua waya hizo moja moja, na kwa njia hiyo ndoa ilidumu.

Aliyelipia gharama ya macho yale alikuwa binti yao wa pekee. Akiwa na miaka tisa, alifundishwa shuleni kupinda leso. Akapinda moja, akaitarizi ua jekundu pembeni, akaikimbiza nyumbani kwa mama. Mama alifurahi, wallahi alifurahi, lakini furaha yake ilikuwa na njia moja tu ya kutokea. Aliitandaza leso mezani, akaleta rula ya chuma.

"Upande huu umezidi milimita tatu," akasema kwa upole. "Ukifumua hapa na hapa, itakaa sawa."

Mtoto akaikunja leso, akaenda nayo chumbani. Tangu siku hiyo hakuleta kitu kingine. Si mchoro, si karatasi ya mtihani. Hata mchumba alimleta nyumbani baada ya tarehe ya harusi kupangwa, kwa kuhofia kwamba naye angepimwa. Sasa alikuwa mwalimu wa watoto wadogo katika mji mwingine, safari ya basi ya siku nzima, na baba yake aliyewahi kumtembelea alisema kuta za darasa lake zimejaa michoro ya ng'ombe wenye miguu saba, yote imebandikwa, na hakuna hata mmoja uliosahihishwa.

Binti alipojifungua mtoto wa kike, Bi Milimita alikuwa amestaafu miezi miwili tu. Akaenda kulea uzazi. Siku ya kwanza ilipita salama. Siku ya pili aliichukua chupa ya maziwa ya mtoto, akaijaza maji, akayamimina kwenye gilasi yake ya vipimo aliyokuja nayo ndani ya soksi, akatangaza mbele ya wakwe kwamba mstari wa mia moja unadanganya kwa mililita sita. Siku ya tatu binti yake alimwambia kwa adabu ya kutisha, "Mama, nenda ukapumzike nyumbani. Umechoka." Akarudi na nguo zake zote zikiwa bado na mikunjo ya pasi.

Baada ya hapo walizungumza kwenye simu kuhusu mvua. Kuna mvua huko? Ipo. Na huko? Hakuna. Haya, mbusu mtoto. Bi Milimita alikata simu na kukaa akiitazama, na hapo ndipo moyo ulipomuuma, kwa sababu alijua vizuri kosa lake liko wapi ila hakujua linafumuliwa kuanzia upande gani.

Siku moja, katikati ya mvua hizo, akaropoka: "Nitamshonea mtoto gauni."

Binti alicheka, na kile kicheko hakikuwa kizuri. "Wewe, mama? Utalifumua mpaka mtoto aolewe."

"Nitashona."

"Haya sikiliza. Siku utakayoniambia limekwisha, kesho yake napanda basi na mtoto tunakuja umvalishe mwenyewe."

Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu asiye na sababu ya kuulizia ratiba ya mabasi. Lakini Bi Milimita alishika neno. Aliandika kwenye daftari: gauni, mtoto, basi. Akaweka tarehe na sahihi.

Tatizo dogo ni kwamba hakujua kushona hata kifungo.

Fundi aliyekubali kumfundisha alikuwa na chumba chenye cherehani nne, pasi moja, na kioo kirefu chenye ufa uliomkata kila mteja shingoni. Nyuzi zilining'inia kwenye misumari, na sakafu haikuonekana kwa vipande vya nguo. Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, umri wa binti yake, aliyezungumza na pini sita mdomoni bila kumeza hata moja. Alikuwa na mwanafunzi mwingine, msusi, aliyesema amechoka na vichwa vya watu sasa anataka viwiliwili. Wiki ya kwanza tu msusi huyo alishona sketi ikafunga juu na chini. Alicheka hadi akakaa sakafuni, kisha akaiita foronya na kwenda nayo nyumbani.

Bi Milimita alimtazama mtu huyo kwa hofu.

Yeye siku ya kwanza alifanya kitu alichokifanya maisha yake yote: aliikagua ofisi. Aliomba ile futi ya fundi, ule utepe wa kupimia uliokuwa ukining'inia shingoni mwake mchana kutwa, akaulaza mezani kando ya rula yake ya chuma. Ulikuwa umechakaa, njano yake imekuwa kijivu. Aliinama, akapima, akapima tena, akainuka uso ukiwa umewiva.

"Fundi, hii futi yako mbovu."

"Mbovu vipi, mama?"

"Imelegea. Kila mita moja inakula sentimita mbili zaidi. Ningekuwa kazini ningeikamata."

Fundi alichomoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye mto wake mdogo. "Nikikupima wewe kwa hii, itanidanganya?"

"Itakudanganya."

"Nikikata kitambaa chako kwa hiihii, itanidanganya?"

"Itakudanganya."

"Kiasi kilekile?"

"Kilekile."

"Sasa hiyo nguo itakutosha, haitakutosha?"

Bi Milimita alipiga hesabu. Itatosha. Hicho ndicho kilichomkera. Alikuwa amefunga mizani za waongo wa kila aina, waliotoboa mawe, waliobandika sumaku chini ya sahani, lakini mwongo asiyemwibia mtu hakuwahi kukutana naye, na kanuni za kazi hazikuwa na muhuri wake.

"Hata hivyo si sahihi," akasema.

"Si sahihi," fundi akakubali, akarudisha futi shingoni.

Basi akaanza. Kwanza alishona kwenye karatasi bila uzi, ili mguu uzoee kukanyaga cherehani na mkono uzoee kunyoosha. Watu hufanya hivyo siku mbili. Yeye alifanya wiki mbili, akiweka rula juu ya kila mstari wa matundu. Kisha akapewa kitambaa, na hapo wembe ukaingia maishani mwake.

Mshono usiponyooka, mafundi huufumua kwa wembe: unakata uzi mmoja mmoja, unavuta, unaanza upya. Fundi hufanya hivyo pale ambapo nguo isingevalika. Bi Milimita alifanya hivyo pale ambapo malaika asingeona. Alinunua nyembe pakiti nzima. Gauni la kwanza, jeupe, la kichanga, alilifumua mara saba. Mumewe aliliinua dirishani.

"Ukiliweka juani hivi unaona nyumba ya jirani," akasema. "Mtoto atavaa au tuchujie chai?"

Mara ya nane kitambaa kilikata tamaa, kikachanika chenyewe.

Mtoto kwa upande wake hakuwa na heshima yoyote kwa ratiba ya bibi yake. Alikua. Picha zilikuja kwenye simu ya babu, si ya bibi: anacheka, ameketi na mto mgongoni, ameota meno mawili. Gauni la pili lilikatwa la miezi mitatu, na lilipokaribia kunyooka mtoto alikuwa na mitano. La tatu lilikatwa la miezi minane. Bi Milimita alipiga simu kuomba vipimo, kifua, bega, urefu, kwa milimita tafadhali.

"Mama, hatulii. Nikimshika anateleza kama sabuni."

"Mpime akilala."

"Akilala na mimi nalala," binti akasema, wakarudi kwenye habari za mvua.

Gauni hilo la tatu ndilo lililoleta kizaazaa. Mikono ilikataa kuingia kwenye mashimo yake. Bi Milimita alivuta, akachoma pini, akashona, likakunjamana kwapani. Akafumua. Akarudia mara tano, na mara ya tano akalifunga kwenye gazeti na kulipeleka kwa fundi kama kielelezo cha mahakamani.

"Karatasi yako ya kukatia, ile uliyonichorea, ina kosa," akatamka akiwa bado mlangoni.

Fundi alifungua gazeti, akaligeuza gauni ndani nje, akapima shimo la mkono, akapima mkono. Msusi alisimamisha cherehani yake kusikiliza. "Mwili umeukata kwa karatasi yangu," fundi akasema.

"Ndiyo."

"Karatasi yangu niliichora kwa futi yangu. Na mikono?"

"Mikono nimeikata mwenyewe. Namba zako zilezile, ila nimepima kwa rula yangu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu rula yangu ni sahihi!"

Fundi alikaa chini kwanza, ndipo akacheka. "Mama yangu. Mwili ni wa mwongo, mikono ni ya mkweli, halafu umewaozesha. Huyu ndiye mtoto wao." Alilitikisa gauni, mikono ikapiga makofi. "Ungetumia yangu tupu, lingekaa. Ungetumia yako tupu, lingekaa. Umeliharibu kwa kuwa sahihi nusu."

Msusi alijifunika uso kwa kitambaa. Bi Milimita alisimama akihesabu. Aliihesabu hesabu ile mara mbili kichwani, na mara zote mbili ilimtoa mjinga.

"Njoo hapa kwenye kioo," fundi akasema, sasa kwa sauti nyingine. "Simama ulivyozoea. Usijinyooshe kama uko gwaride."

Akampima mgongo kuanzia shingo hadi bega la kushoto, kisha kutoka bega hadi sakafuni. Akapima la kulia. Akarudia, maana alijua anampima nani.

"Bega lako la kulia liko chini. Sentimita moja na nusu. Mkono huu ulikuwa unabeba nini?"

Bi Milimita alijitazama kwenye kioo. Alikuwa akibeba sanduku. Sanduku la mawe halali, kilo kumi na nane, mkono wa kulia, duka hadi duka, miaka thelathini na mmoja.

"Nguo zako," fundi akaendelea, "kola zinakwenda upande, sivyo?"

"Zote! Miaka yote nazirudisha kwa mafundi. Kola zote wanazikata zimepinda. Nimegombana na mafundi watatu."

"Zilikuwa zimenyooka, mama. Ndiyo sababu hazikukaa."

Bi Milimita alimtazama yule mwanamke wa kiooni, mwenye ufa shingoni na bega lililoshuka, na mwanzo aliona aibu, kisha akaona uchungu, kwa kuwakumbuka wale mafundi watatu na mtoto mmoja wa miaka tisa.

"Kwa kanuni zenu," msusi akauliza taratibu, kwa udadisi wa kweli, "kipimo kilichopinda namna hiyo mnakifanyaje?"

"Kinafungwa waya," mkaguzi akajibu. "Kinaandikwa kimekataliwa."

Aliyeanza kucheka ni mkaguzi mwenyewe. Kicheko kilitoka kwa kukwama, kama bomba lililokaa siku nyingi bila maji, kisha kikamwagika, na msusi akaenda tena sakafuni.

Fundi alivua futi shingoni, akamvika. "Chukua, kaishi na huyu mwongo. Rula yako inabaki hapa. Na nyembe zilete, zote."

"Nikikosea nitafumua na nini?"

"Hilo swali niulize ukishamaliza."

Gauni la nne lilikuwa la njano, la pamba, na alilishonea nyumbani mezani pa chakula. Vipimo hakuomba. Katika picha mpya mtoto alikuwa amesimama akishikilia kiti cha plastiki, na kiti kile kilikuwa ndugu wa vile vilivyojaa barazani kwao, vya mtindo uleule uliomo kila nyumba. Bi Milimita akapiga magoti barazani, akakipima kiti cha kwake kwa futi ya mwongo. Kichwa cha mtoto kilifika penye tundu la mgongo wa kiti. Bega, vidole vinne chini yake. Akapiga hesabu, akaongeza kidogo, maana hadi siku ya safari mtoto angekuwa amekua, akakata. Mkasi haukurudi nyuma.

Mshono wa kwanza uliyumba, akaupita. Wa pili uliyumba kinyume chake, akaona imeulizana ikajibizana. Shingo ilikaa. Mikono, na hapa alishika pumzi, iliingia mashimoni bila ubishi. Mwisho akashona mfuko mdogo mbele, akalinyanyua gauni lote kulitazama.

Mfuko ulikuwa umepinda.

Haukupinda kwa kujificha. Ulipinda hadharani, katikati ya tumbo. Alijaribu kutazama pembeni. Alijaribu kukunja jicho. Alikwenda jikoni akanywa maji, akarudi, nao ulikuwa palepale umepinda. Ndipo akaingia bafuni, akafungua kopo la mumewe la kunyolea, akatoka na wembe.

Mumewe alikuwa mlangoni.

"Unanyoa nini?"

"Mfuko tu. Nusu saa."

Mzee huyo alikuwa mtu wa mizaha, na miaka yote mkewe alipofumua waya zake hakuwahi kupandisha sauti. Wala leo hakupandisha. "Hukumwona akikaa," akasema. "Hukumwona akitambaa. Jana ametembea hatua tatu, nimeonyeshwa kwenye simu. Ukiufumua huo mfuko, atakuja hapa anaendesha gari."

Bi Milimita aliketi akalia. Alilia kwa hasira kwanza, akisema si haki, yeye anataka mtoto apate kitu kizuri, kuna ubaya gani kutaka kizuri. Kisha akalia bila maneno. Mumewe aliutoa wembe mkononi mwake, akaurudisha koponi, na kwa kutojua la kufanya zaidi akamletea waya kidogo. Alidhani labda ungesaidia.

Msije mkadhani roho yake ilitulia. Haikutulia hata kidogo. Mfuko ule ulimwasha kutwa nzima, akapita mbele yake mara ishirini kama mtu anayepita mbele ya mdeni wake. Lakini jioni, mwanga ukiwa bado upo, alipiga simu.

"Limekwisha."

Upande wa pili mtoto alisikika akigonga kitu kwa kijiko.

"Limekwisha kwisha?" binti akauliza.

"Limekwisha."

"Kweli, mama?"

"Basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi," akasema Bi Milimita, ambaye ratiba aliijua kwa moyo tangu miezi kumi iliyopita.

Wakaja. Binti alishuka amechoka, begi dogo moja begani, nguo za siku moja, maana naye alikuwa amejipimia. Mtoto aliingia nyumbani kwa miguu yake, hatua tano, akaanguka, akacheka, akainuka kwa kushika suruali ya babu. Bi Milimita alitaka kusema miguu yake imepinda kidogo kwa nje. Aliuma ulimi hadi ukauma kweli, akasema, "Karibuni."

Gauni lilikuwa kitini, limekunjwa. Binti hakukaa. Alilichukua na kulikunjua, na jambo la kwanza alilofanya ni kuligeuza ndani nje. Alikuwa anatafuta vitundu. Alivijua vitundu vile: sare zake zote za shule zilikuwa navyo, safu mbili, safu tatu, alama za mishono iliyofumuliwa na mafundi kwa amri ya mama. Alipitisha kidole kwenye mshono wote, begani, ubavuni, chini. Hakupata hata kimoja. Akaligeuza tena.

"Mama, mfuko umepinda."

"Umepinda."

"Umeuona?"

"Nimeushona mwenyewe, nitakosaje kuuona? Umepinda milimita tano."

"Na hukuufumua."

"Sikuufumua."

Binti aliendelea kuutazama mfuko, akiupapasa kwa kidole gumba, huku na huku.

"Ile leso yako," Bi Milimita akasema. Aliyapanga maneno haya wiki nzima, na sasa yote yalitoka yamevurugika. "Ile ya ua. Ilikuwa nzuri. Ningesema hivyo, kisha ningenyamaza. Sikusema. Nisamehe, mwanangu."

"Ulisema milimita tatu."

"Zilikuwa tatu."

"Mama!"

"Zilikuwa tatu, nifanyeje? Lakini ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa."

Binti alicheka na kulia kwa wakati mmoja, jambo linaloharibu uso wa mtu yeyote, akainama kumvalisha mtoto ili apate pa kuuficha. Gauni lilimtosha. Lilizidi kidogo urefu, ile nyongeza ya safari. Mtoto aliugundua mfuko mara moja, akatia mkono, akautoa, akatia biskuti iliyokuwa imeshatafunwa nusu, akaipigapiga kwa nje kuhakikisha ipo. Biskuti ilikaa. Ilikuwa imelala upande, na mfuko pia, basi vikaelewana.

"Na mimi nishonee," binti akasema, bado amechuchumaa.

"Wewe?"

"Mimi. Kuna ubaya? Gauni la nyumbani. Hujawahi kunipima ukaacha kunisahihisha, leo nipime tu."

Bi Milimita alivua futi shingoni. Ilikuwa ya kijivu, imelegea, yenye sentimita mbili za uongo kila mita. "Simama. Nyoosha mikono pembeni."

Binti akasimama, akanyoosha mikono. Bega lake la kushoto lilikuwa chini kidogo, upande anaobebea mtoto, na mama aliliona asiseme kitu. Alisogea mbele, akapitisha mikono chini ya makwapa ya mwanawe ili aizungushe futi mgongoni, mkono huu ukaipokea kutoka mkono ule, na kwa kufanya hivyo shavu lake likafika begani kwa binti. Hawakuwahi kuwa karibu namna hii tangu binti alipokuwa wa kubebwa. Ncha mbili za futi zilikutana nyuma, mahali ambapo hakuna macho yanayoweza kuzisoma.

Babu aliwatazama kutoka kitini, mtoto akiwa miguuni pake anakagua biskuti.

"Ngapi, mama?" binti akauliza, sauti ikitokea begani. Mikono yake, iliyoambiwa ikae pembeni, haikuwa pembeni tena.

"Subiri," akasema Bi Milimita. "Bado sijasoma."